Dave Gallaher: Mcheza Kwao Hutunzwa?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina mizizi yake katika ngoma, ambapo mchezaji aliyewafurahisha watu wake hupewa tuzo papo hapo uwanjani. Yamkini hakuna mchezo uliowahi kuitia methali hii majaribuni kama raga. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wakuu wa raga walishikilia kuwa mchezaji hafai kulipwa hata senti moja. Alitakiwa kucheza kwa ridhaa yake, kisha arudi kazini Jumatatu kama wafanyakazi wenzake. Kanuni hiyo ilidumu hadi Agosti 1995, raga ya wachezaji kumi na watano iliporuhusiwa rasmi kuwa mchezo wa kulipwa.

Maisha ya Dave Gallaher yanatoa mfano bora wa kulitafakari suala hili. Huyu ndiye nahodha wa kikosi cha New Zealand kilichozuru Uingereza, Ireland na Ufaransa mwaka 1905 na kuanza kujulikana ulimwenguni kwa jina la All Blacks. Ndiye pia ambaye jina lake limeandikwa kwenye ngao inayoshindaniwa na vilabu vya ridhaa vya jiji la Auckland tangu mwaka 1922. Vijana wengi wameiinua ngao hiyo bila kujua mengi kumhusu mwenye jina. Kama ilivyo kwa majagina wengi, yanayosimuliwa kumhusu si yote yaliyotendeka. Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu vyema hali hii kutokana na masimulizi ya Fumo Liyongo, ambaye kila kizazi kimemwongezea jambo. Makala haya yanakusudia kumweleza Gallaher kama mtu, si kama sanamu, na kuonyesha alichoupa mchezo huu pamoja na alichopewa na mchezo.

Kutoka Ramelton hadi Katikati

Dave alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1873 katika mji mdogo wa Ramelton, jimbo la Donegal, kaskazini magharibi mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mwenye duka na alikuwa amempita mkewe, Maria, kwa miaka mingi. Biashara ilipozorota, familia iliamua kuhama. Wakati huo Mwairishi mmoja, George Vesey Stewart, alikuwa akiwakusanya watu wa kaskazini mwa Ireland ili wakaishi katika makazi mapya nchini New Zealand. Mei 1878 familia iliabiri meli iitwayo Lady Jocelyn mjini Belfast. Dave alikuwa na umri wa miaka minne. Jina la ukoo, ambalo kwao liliandikwa Gallagher, lilipoteza herufi moja baada ya safari hiyo, nao wakawa Gallaher hadi leo.

Makazi waliyopelekwa yaliitwa Katikati. Msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa jina hilo linatokana na lugha yake. Ni jina la Kimaori, na kufanana kwake na neno letu ni sadfa tu. Ahadi walizopewa wahamiaji zilikuwa tamu kuliko ardhi yenyewe. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, maji yalikuwa ya shida, na baba wa familia alikuwa mzee asiyeweza kulima kwa nguvu. Mzigo wa nyumba ukamwangukia Maria. Alipata kazi ya ualimu katika shule ya pale, na mshahara wake ndio uliowalisha watoto.

Maria aliugua saratani akafariki Septemba 1887. Dave hakuwa ametimiza hata miaka kumi na minne. Aliacha shule akatafuta kazi ili awasaidie wadogo zake. Funzo la kwanza maishani mwake, basi, halikutoka uwanjani. Alijifunza mapema kwamba mwenye nguvu huwabebea wasio nazo, na kwamba kazi haingoji mtu awe tayari. Waliomwona akiwa nahodha wa taifa walishangazwa na ukimya wake pamoja na uzito aliouweka katika kila jambo. Aliyeyajua maisha ya Katikati hakuwa na sababu ya kushangaa.

Ponsonby na Vilabu vya Auckland

Miaka michache baada ya kifo cha Maria, familia ilihamia Auckland, na huko ndiko Dave alikokutana na raga ya vilabu. Mchezo wenyewe haukuwa na umri mkubwa nchini humo. Uliingizwa katika mji wa Nelson mwaka 1870 na Charles Monro, kijana aliyekuwa ametoka masomoni Uingereza. Ulienea upesi miongoni mwa walowezi na Wamaori pia. Klabu ya Ponsonby ilianzishwa mwaka 1874, na chama cha raga cha Auckland kikaundwa mwaka 1883. Chama cha taifa kilifuata mwaka 1892.

Ni muhimu kuelewa jinsi mfumo huu ulivyofanya kazi, kwa kuwa ndio uliomlea Gallaher. Vilabu vya mtaani vilicheza kila Jumamosi wakati wa majira ya baridi. Waliong'ara katika vilabu waliteuliwa kuliwakilisha jimbo, na waliong'ara katika jimbo waliteuliwa kuliwakilisha taifa. Katika ngazi zote hizo tatu hapakuwa na mshahara. Mchezaji alikuwa mchukuzi bandarini, mshona viatu, mkulima au karani. Aliyeumia Jumamosi aliikosa kazi Jumatatu, na aliyekosa kazi alikosa ujira.

Gallaher alianza kuchezea klabu ya Parnell, kisha akajiunga na Ponsonby mwaka 1895. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuichezea Auckland dhidi ya timu ya Queensland iliyokuwa ziarani kutoka Australia. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya wakulima ya kugandisha nyama mjini humo, akapanda hadi kuwa nyapara. Kazi ya kubeba mizoga ya ng'ombe na kondoo iliujenga mwili wake. Hakuwa na uwanja wa mazoezi wala mkufunzi wa viungo. Mazoezi yake yalikuwa ni hiyo kazi iliyompa mkate.

Januari 1901 raga ilikatizwa na vita. Gallaher alijiunga na kikosi cha wapanda farasi wa New Zealand kilichopelekwa Afrika Kusini kupigana upande wa Waingereza dhidi ya Makaburu. Alipojiandikisha aliupunguza umri wake, hila ndogo ambayo ingekuja kuandikwa kwenye jiwe la kaburi lake. Alirejea nyumbani mwaka 1902 akiwa karibu na umri wa miaka thelathini, umri ambao wachezaji wengi wa siku hizo walikuwa wakitundika viatu.

Yeye ndipo alipoanza upya. Mwaka 1903 aliteuliwa katika timu ya taifa iliyozuru Australia. Tarehe 15 Agosti mwaka huo alicheza mjini Sydney katika mechi ya kwanza kamili kati ya New Zealand na Australia, ambapo New Zealand ilishinda kwa alama 22 kwa 3. Mwaka 1904 alikuwemo kikosini New Zealand ilipoishinda timu ya Uingereza alama 9 kwa 3 mjini Wellington. Mwaka huo huo alionja uchungu pia. Auckland, iliyokuwa imekabidhiwa Ngao ya Ranfurly kama mmiliki wa kwanza, ilinyang'anywa na Wellington katika changamoto ya kwanza kabisa ya kombe hilo la majimbo.

Safari ya Mwaka 1905

Tarehe 30 Julai 1905 meli iitwayo Rimutaka iling'oa nanga Wellington ikiwa imebeba wachezaji wa New Zealand. Gallaher alikuwa nahodha, na Billy Stead, mshona viatu kutoka kusini mwa nchi, alikuwa naibu wake. Kabla safari haijashika kasi, mzozo ulizuka. Baadhi ya wachezaji, hasa wa kusini, walinung'unika kwamba nahodha na naibu wake waliteuliwa na chama badala ya kuchaguliwa na wachezaji wenyewe. Manung'uniko yalipozidi, Gallaher aliamua kujiuzulu, na Stead naye akafanya vivyo hivyo. Meneja wa timu, George Dixon, alikataa kuwaachilia. Suala liliwekwa mbele ya wachezaji, nao wakaupitisha uteuzi huo kwa kura 17 dhidi ya 12.

Tukio hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Hesabu za kura zinaonyesha kwamba hakuwa na uungwaji mkono wa wote. Watu kumi na wawili kati ya wachezaji wake walimpinga akiwa katikati ya bahari, mahali ambapo hakuna pa kujificha. Hata hivyo, kwa kuwa tayari kuuachilia uongozi, aliupata upya kwa njia iliyo imara zaidi. Baada ya hapo hakuna kumbukumbu ya mgawanyiko uliowahi kuivunja timu hiyo. Mazoezi yaliendelea juu ya sitaha hadi meli ilipotia nanga Plymouth mwezi Septemba.

Mechi ya kwanza ilichezwa Exeter tarehe 16 Septemba dhidi ya jimbo la Devon. New Zealand ilipata alama 55, Devon 4. Inasimuliwa kwamba habari zilipoyafikia baadhi ya magazeti, wahariri walidhani kumetokea kosa, wakaamini kuwa walioshinda ni Devon. Mechi zilizofuata ziliondoa shaka. Uskoti ilishindwa kwa alama 12 kwa 7. Ireland na Uingereza zilifungwa 15 kwa 0 kila moja. Ufaransa, iliyokuwa ikicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya kimataifa, ilifungwa 38 kwa 8 mjini Paris siku ya mwaka mpya wa 1906. Jambo la kusikitisha ni kwamba Gallaher hakucheza mechi ya Dublin. Alikuwa ameumia mguu, na hivyo mzaliwa wa Donegal akaitazama Ireland kutoka nje ya mistari.

Siri ya ushindi haikuwa miguu pekee. Gallaher aliamini maandalizi. Kila mchezaji alijua nafasi yake na wajibu wake, na timu ilikuwa na ishara zake za siri. Katika skramu, New Zealand iliweka watu saba badala ya wanane waliozoeleka Uingereza. Wa nane, aliyeitwa fowadi wa pembeni, aliuingiza mpira kwenye skramu kisha akabaki kandokando, akiwa ukuta kati ya wapinzani na mwenzake aliyeupokea mpira upande wa pili. Nafasi hiyo aliicheza Gallaher mwenyewe.

Hapo ndipo lawama zilipomwangukia. Magazeti ya Uingereza yalimwita mdanganyifu na mzuiaji haramu. Waamuzi walimwadhibu mara kwa mara. Watazamaji walimzomea. Yeye alishikilia kwamba anacheza ndani ya sheria kama zilivyoandikwa, na hakubadili mtindo wake. Swali la iwapo alikuwa sahihi halikumalizwa na yeyote kati yao. Lilimalizwa na sheria yenyewe, iliporekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na nafasi ya fowadi wa pembeni ikafutwa. Mtetezi wake anaweza kusema kwamba lau mtindo ule ungekuwa haramu, pasingekuwa na haja ya kuirekebisha sheria. Mkosoaji wake anaweza kujibu kwamba sheria hurekebishwa pale ambapo werevu umeizidi haki. Hoja zote mbili zina uzito.

Kushindwa Cardiff

Tarehe 16 Desemba 1905 New Zealand ilikutana na Wales mjini Cardiff ikiwa haijafungwa hata mara moja katika ziara hiyo. Wageni walipomaliza kucheza haka, Wawelisi waliwajibu kwa kuimba wimbo wao wa taifa, na umati mzima ukaitikia. Kabla ya siku hiyo haikuwa desturi kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi. Teddy Morgan wa Wales aliandika trai moja katika kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili, Bob Deans wa New Zealand aliangushwa karibu na mstari wa goli. Deans alishikilia kwamba alikuwa ameufikisha mpira. Mwamuzi John Dallas, Mskoti, alikataa. Mechi ikaisha Wales 3, New Zealand 0.

Mabishano kuhusu trai ya Deans yameendelea kwa zaidi ya karne moja na yamezaa vitabu na nyimbo za mzaha. Gallaher hakuyachochea. Alitamka wazi kwamba timu bora imeshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho siku ya Cardiff haikumpunguzia hadhi. Hiyo ndiyo mechi pekee waliyoshindwa. Walicheza mechi 35 katika safari nzima wakashinda 34, wakafunga alama 976 na kufungwa 59. Kikosi hicho bado kinaitwa Waasisi.

Shilingi Tatu kwa Siku

Kwa kazi hiyo yote, kila mchezaji alipewa shilingi tatu kwa siku kama pesa za matumizi madogo. Chama cha Uskoti kilizichukulia hata shilingi hizo tatu kuwa ni harufu ya malipo. Chama hicho hicho kilikuwa kimekataa kuwahakikishia wageni kiasi maalumu cha fedha, badala yake kikawapa mapato ya mlangoni kwa kudhani kwamba yatakuwa machache. Umati ulipofurika, wageni waliondoka na kitita kikubwa. Ziara nzima ilikiletea chama cha New Zealand faida ya zaidi ya paundi 8,000. Wachezaji walirudi kwenye viwanda na mashamba yao.

Haikuchukua muda kabla ya wengine kuuliza swali lililokuwa wazi. Huko Uingereza, vilabu 22 vya kaskazini vilikuwa vimejitenga na chama kikuu tarehe 29 Agosti 1895 katika mkutano wa Huddersfield, kwa sababu vilitaka kuwafidia wachezaji ujira walioupoteza wakicheza. Raga hiyo ya kaskazini ndiyo iliyokuja kuwa raga ya watu kumi na watatu. Mwaka 1907 kijana Albert Baskerville aliunda kikosi cha New Zealand kilichosafiri kwenda kucheza na vilabu hivyo kwa malipo. Baadhi ya Waasisi wa 1905 walijiunga naye, akiwemo George Smith. Kila aliyekwenda alifungiwa milango ya raga ya ridhaa.

Gallaher hakwenda. Mwaka 1906 yeye na Stead walikuwa wameandika kitabu cha mafunzo kiitwacho The Complete Rugby Footballer, ambacho mpaka leo kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya msingi vya mchezo huo. Stead ndiye aliyeandika sehemu kubwa, na kila mmoja alilipwa paundi 50 na mchapishaji. Mbali na hizo, nahodha aliyeupa ulimwengu jina la All Blacks alirudi kuwa nyapara katika kampuni ya nyama. Oktoba 1906 alimwoa Nellie Francis katika kanisa la Kianglikana la Ponsonby. Nellie alikuwa dada yake Arthur Francis, mchezaji mwenzake, ambaye miaka michache baadaye alihamia raga ya kulipwa. Kwa hivyo mgawanyiko wa mchezo ule uliingia hadi mezani mwa familia.

Je, uaminifu wa Gallaher kwa ridhaa ulikuwa ni wema au ni kutumiwa? Jibu rahisi halipo. Waliohama walikuwa na haki ya kudai sehemu ya mapato waliyoyazalisha. Kwa upande mwingine, aliyebaki hakubaki kwa ajili ya wakubwa waliohesabu fedha. Vitendo vyake vya miaka kumi iliyofuata vinaonyesha kwamba alibaki kwa ajili ya klabu na jimbo.

Mlezi wa Vijana

Aliporudi kutoka ziarani, Gallaher alistaafu kucheza akageukia ulezi. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1916 alikuwa mteuzi na mkufunzi wa Auckland, bila mshahara. Kati ya 1907 na 1914 alikuwa pia miongoni mwa wateuzi wa timu ya taifa. Auckland, iliyokuwa imeirudisha Ngao ya Ranfurly mwaka 1905, iliilinda mfululizo hadi mwaka 1913 dhidi ya washindani 23. Mwaka 1909, kikosi chake kilipopungukiwa na wachezaji kwa sababu ya majeraha, alivaa jezi mwenyewe akaingia uwanjani akiwa na umri wa miaka 35. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuichezea Auckland.

Alichokirithisha vilabu kilikuwa ni mbinu na nidhamu. Kabla ya ziara ya 1905, wengi waliichukulia raga kuwa ni mapambano ya misuli. Gallaher aliwafundisha vijana wa mitaani kwamba mchezo hufikiriwa kabla ya kuchezwa. Mafunzo hayo yalitolewa jioni baada ya kazi, kwa vijana waliokuja wakiwa na uchovu wa viwandani. Raga ya ridhaa ilisimama juu ya mabega ya watu wa namna hii, waliotoa muda wao bila kuwekewa hesabu.

Buriani Ubelgiji

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Gallaher alikuwa na mke na binti aliyezaliwa mwaka 1908. Umri wake ulikuwa umepita miaka arubaini. Hakuna aliyemtarajia aende. Hata hivyo, mwaka 1916 alijiandikisha kwa hiari.

Masimulizi yanayopendwa na wengi yanadai kwamba alikwenda kulipiza kisasi cha mdogo wake, Douglas, aliyeuawa nchini Ufaransa tarehe 3 Juni 1916 akiwa katika jeshi la Australia. Ni kisa kinachogusa moyo, na kina muundo ambao msikilizaji yeyote wa ngano ataupenda: ndugu ameuawa, shujaa anaamka, anachukua silaha. Lakini tarehe hazikubali. Gallaher alijiandikisha mwezi Mei, kabla ya Douglas kufa. Habari za msiba zilimkuta akisubiri kuitwa mazoezini. Inaelekea alikwenda kwa sababu iliyo ya kawaida zaidi: vijana aliowafundisha walikuwa wamekwenda, naye hakuzoea kuwatuma watu mahali ambapo yeye hakufika. Kisa cha kisasi kinamfanya awe mkubwa kwa hasira. Ukweli unamfanya awe mkubwa kwa wajibu, nao unazidisha uchungu kwa Nellie, kwa maana kisasi kinaweza kueleweka na mjane, ilhali wajibu kwa wengine ni mgumu kuukubali.

Aliondoka New Zealand Februari 1917 na kupangwa katika kikosi cha Auckland, akiwa na cheo cha sajini. Tarehe 4 Oktoba 1917 wanajeshi wa New Zealand walishambulia kilima cha Gravenstafel nchini Ubelgiji, katika mfululizo wa mapigano yanayokumbukwa kwa jina la Passchendaele. Gallaher alipigwa usoni na kipande cha kombora. Alifikishwa katika kituo cha matibabu cha Waaustralia akafariki siku hiyo hiyo. Alizikwa katika makaburi ya Nine Elms, karibu na mji wa Poperinge. Jiwe lake lina alama ya jani la kangaga, ile ile aliyoivaa kifuani akiwa nahodha. Limeandikwa kwamba alikufa akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa na miaka 43. Ile hila yake ya jeshini ilimfuata hadi kaburini.

Msiba wa familia haukuishia hapo. Aprili 1918 ndugu mwingine, Henry, aliuawa Ufaransa. Kati ya watoto ambao Maria aliwalisha kwa mshahara wa ualimu kule Katikati, watatu walikuwa wamelala katika udongo wa Ulaya, bara ambalo wazazi wao walilihama ili wapate maisha mema.

Ngao

Mwaka 1922 chama cha raga cha Auckland kilianzisha Ngao ya Gallaher ili ishindaniwe na vilabu vya daraja la juu vya jimbo hilo. Uamuzi huu una maana. Chama kingeweza kulitaja jina lake kwenye mechi ya kimataifa, maana sifa zake zilitoka huko. Badala yake jina lilirudishwa pale lilipochipukia, kwenye viwanja vya mitaa ambako vijana hucheza Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu. Vilabu kama Ponsonby, Chuo Kikuu cha Auckland, Marist na College Rifles vimeipigania kwa vizazi vingi. Iliyoitwaa mara nyingi zaidi ni Ponsonby, klabu yake mwenyewe.

Heshima nyingine zilikuja kwa kuchelewa. Kuanzia mwaka 2000, New Zealand na Ufaransa zilianza kushindania kombe lenye jina lake. Mwaka 2005, miaka mia moja baada ya ziara ya Waasisi, wachezaji wa All Blacks wakiongozwa na nahodha Tana Umaga walifika Donegal. Uwanja wa klabu ya Letterkenny ukapewa jina la Gallaher, na kibao cha ukumbusho kikawekwa Ramelton. Mwaka 2011 sanamu yake ya shaba ilizinduliwa katika uwanja wa Eden Park, Auckland. Mwaka huo huo aliingizwa katika orodha ya heshima ya raga duniani.

Hitimisho

Maisha ya Gallaher yanairudisha ile methali ya mwanzo ikiwa na alama ya kuuliza. Alicheza kwao, akacheza na ugenini kwa niaba ya kwao. Tuzo alizopewa akiwa hai zilikuwa shilingi tatu kwa siku na paundi 50 za kitabu. Sanamu, makombe na viwanja vilimfuata akiwa ameshalala Poperinge, mahali ambapo havikumfaa yeye, mkewe wala binti yake. Wenye kuutukuza mchezo wa ridhaa hawana budi kulikumbuka jambo hili kila wanapotaja jina lake.

Pamoja na hayo, ngao ya mwaka 1922 si tuzo tupu. Wachezaji wa kulipwa wa leo wana mikataba na mawakala, lakini vilabu vinavyoishindania Ngao ya Gallaher bado vinasimama kwa nguvu za wanaojitolea: anayechora mistari ya chokaa uwanjani, anayefua jezi, anayewafundisha watoto jioni baada ya kazi. Hao ndio warithi wake wa kweli. Mtunzo wanaomstahilia ni kutunza klabu yenyewe, na kumtaja jinsi alivyokuwa: kijana wa Katikati aliyeacha shule ili awalishe wadogo zake, nyapara aliyeongoza taifa, nahodha aliyekubali kushindwa, na mzee wa miaka 43 aliyekwenda vitani kwa hiari yake, bila kisasi.